Mahindi ya Oveni ya Wifi

Wifi yangu alikuja likizo kutoka Marekani, na tangu ashushe mizigo wimbo wake ulikuwa mmoja: mahindi ya krimu ya kuoka. Kule, Alhamisi ya nne ya Novemba, siku yao ya Shukrani, bata mzinga ndiye anayepigwa picha, lakini bakuli linalogombewa ni hilo la pembeni. Kwa hiyo wageni walipotangaza kuja kula mchana, mimi nikabaki na kuku, yeye akajitwika mahindi.

Shida ikaanzia kwenye mapishi yenyewe. Yalitaka kopo la mahindi ya krimu, kopo la mahindi ya punje, pakiti ya unga uliochanganywa tayari kiwandani, krimu chachu, siagi na mayai. Katika hivyo vyote tulikuwa na siagi na mayai. Wifi akaanza kunung'unika. Nikamwambia, "Wifi, hebu tafuta kwenye simu hilo kopo lina nini ndani." Akasoma: mahindi, maji, sukari, wanga, chumvi. Akasoma tena. Krimu haikuwemo hata tone! Uzito wote ule ni wa hindi lenyewe na huo wanga.

Basi tukatumia mahindi mabichi, yaliyonunuliwa asubuhi ileile. Hapo sikutaka mjadala, maana hindi likishavunwa sukari yake huanza kugeuka wanga, na kadiri linavyokaa ndivyo utamu unavyopungua. Tuliyachagua kwa ukucha: ukiminya punje ikatoa maji, bado changa, ikitoa ungaunga, limekomaa, sisi tulitaka inayorusha maziwa.

Kazi niliyoipenda ni ya kisu. Unasimamisha hindi ndani ya sinia, unakata punje juujuu, usifike kwenye gunzi. Kisha unageuza kisu na kukwangua kwa mgongo wake, kutoka juu kwenda chini, na hapo ndipo uji mzito wa rangi ya maziwa unapotoka na kukurukia hadi kwenye miwani. Wifi alikuwa akikwangua huku amefumba jicho moja. Tulipouinjika ule uji na kijiko cha siagi kwenye moto mdogo, ukawa mzito wenyewe, bila kuongezwa chochote, na nyumba nzima ikanukia mahindi.

Mengine yalikuwa mepesi. Mtindi mzito ukachukua nafasi ya krimu chachu, unga wa mahindi na wa ngano nusu kwa nusu, bekingi poda, chumvi, sukari kidogo. Siagi iliyoyeyushwa tuliiacha ipoe kwanza, mayai yasije yakaiva bakulini.

Oveni nayo ikaleta visa. Mapishi yanasema 350, za Fahrenheit za Kimarekani, kitasa cha oveni yetu ya Selsiasi kinaishia 250. Wifi akamwita kaka yake, yaani mume wangu, ambaye hesabu ndiyo kazi pekee anayoikubali jikoni. Akatoa 32, akazidisha kwa 5, akagawa kwa 9, akapata 176 na ushei. Tukaweka 180.

Baada ya dakika kama hamsini kingo zilikuwa zimepiga rangi ya kahawia, zikaanza kuachana na bakuli. Mama mkwe akaja, akatikisa, akaona katikati panatetemeka.

"Hiki bado kibichi, rudisheni."

"Mama, kiache," wifi akasema, ameshika bakuli kwa vitambaa viwili. "Joto lake lenyewe litamalizia. Kikirudi ndani mayai yatakaza na kutema maji."

Mimi nikanyamaza. Ugomvi wa mama na binti yake mkamwana hauingilii. Ila moyoni nilikuwa upande wa wifi, kwa sababu yai halingoji moto uzimwe ndipo liache kuiva.

Tulikiacha kitulie kama dakika kumi. Kijiko kilipozama, kikatoka na kipande kilichoshikana kwa juu na laini kwa chini, punje nzimanzima zikionekana ndani. Si keki, si uji. Mama alikula, akaongeza, akaongeza tena, halafu akatoa hukumu: sukari ya nini humu?

Alikuwa na haki. Siku hizi nikikipika siweki sukari kabisa, labda mahindi yawe ya jana.