Mchanga ulioshikwa na barafu ya gesi
Leo maabara tumeminya mchanga wenye haidreti ya methani, ile barafu iliyofungia gesi ndani, inayowaka ukiipiga kiberiti. Mchanga mtupu hulegea mapema. Huu umekaza kama saruji, mashine ikasukuma weee, mwishowe ukakatika mshazari. Sampuli nyingine tukaishushia presha. Haidreti ikavunjika, gesi ikafumuka (mita moja ya ujazo ya haidreti hutoa takriban mita za ujazo 160 za gesi, jamani!), chembe zikabaki hazina cha kuzishika. Ndiyo yaliyowakuta Wajapani kule Nankai, chini ya bahari karibu na nchi yao, mwaka 2013: siku 6 tu za kuvuta gesi, mchanga ukaingia kisimani, jaribio likakatizwa. Watu wanabishana gesi iko kiasi gani; mimi nauliza kwanza huo mchanga utazuiwaje.