Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa mbao mpakani Namanga

Saa 11:30 alfajiri
Upepo wa Namanga saa hizi unadai koti, na mlima Oldonyo Orok bado ni kivuli tu. Mkobani natia tepu, chaki, wembe na lenzi ya kukuza mara 10. Binti yangu huuita mkoba wa kinyozi.

Saa 1 asubuhi
Malori manne ya mbao yamelala foleni. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018, lori linaloingia Kenya husimama upande wetu tu, na maafisa wa Tanzania wanaoliruhusu kutoka tunaketi nao ukumbi mmoja. Naanza na karatasi: hati ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya kusafirishia mazao ya misitu, cheti cha uasili, cheti cha afya ya mimea, kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea. Mbao zenye uasili wa Afrika Mashariki hazitozwi ushuru wa forodha, lakini VAT ya asilimia 16 ipo palepale, na ndiyo inayowafanya watu wawe wabunifu.

Saa 2
Ujanja wa kila siku ni vipimo. Karatasi inasema mbili kwa nne, juu ya lori kuna mbili kwa sita. Urefu uleule, idadi ileile, ila kila mbao mbili zimebeba ujazo wa tatu. Leo lori la kwanza ni safi. La pili pia.

Saa 4
La tatu limebeba misindano, yaani paini, kutoka Mafinga, Tanzania. Dereva ni kijana mpole, "Shikamoo dada," anasubiri zake. Mwenye haraka ni wakala. Nikizunguka nyuma naona springi zimelala kuliko za mbele, ilhali mzigo umepangwa sawa kwa macho. Naomba vibarua washushe.

Tabaka la nne kutoka juu, rangi inabadilika. Mbao za kahawia zimepakwa vumbi ili zifanane na misindano. Nakata kichwa cha ubao kwa wembe, nalowesha kwa mate (maji yalikuwa mbali), naweka lenzi. Msindano hauna vitundu vya mishipa ya maji kwenye ukataji huo. Huu unavyo, vinaonekana wazi. Kusema kweli pua ilishanitangulia: kitanda changu cha harusi ni cha mninga.

"Dada, hizo ni za kitanda cha bosi tu," anasema wakala.

Tunahesabu: 62. Bosi ana usingizi mzito.

Tangu mkutano wa Panama wa Novemba 2022, mninga na ndugu zake wote wa Afrika wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini. Kuuza nje si marufuku, lakini bila kibali cha CITES haupiti. Namwita mwenzangu wa Tanzania, naye anakagua upya hati ya TFS: misindano mitupu. Nchi zetu zilitia sahihi Azimio la Zanzibar kule Durban mwaka 2015, pamoja na Uganda, Msumbiji na Madagaska, kupambana na biashara haramu ya mbao. Hapa kwetu azimio hilo ni meza mbili na birika moja la chai katikati.

Mzigo wote unazuiwa, misindano ikiwemo. Dereva anaapa alikabidhiwa lori likiwa limeshafunikwa turubai. Huenda ni kweli. Nimemwandikia maelezo yake kama alivyoyasema, neno kwa neno.

Saa 7 mchana
Mfumo umegoma. Ugali na nyama.

Saa 9 alasiri
Ananipigia mzee mmoja mwenye duka la mbao Kajiado, mtu anayelipia kila futi. "Binti yangu, jirani anauza chini ya bei ninayonunulia mimi Mafinga. Nifunge?" Siruhusiwi kumwambia kilichomo yadini. Namwambia aje na risiti zake, alete malalamiko kwa maandishi. Anaguna. Maandishi keshayaleta mara mbili.

Saa 12:30 jioni
Lori la nne nimelipima kwa tochi: mbili kwa nne, kweli mbili kwa nne. Natoka. Dereva wa lori la tatu ametandika mkeka chini ya tela, ananiomba chaja ya simu ampigie mkewe. Nampa yangu, nitaichukua asubuhi.