Ganzi ya Vidole Iliyoninyima Kofia, na Tiba ya Mazungumzo Iliyonirudisha Kazini

Sivumilii tena kumsikia mtu akimwambia mgonjwa, "Ni mawazo tu hayo, yaache." Niliambiwa hivyo na mashangazi, na majirani, na daktari mmoja ambaye hata macho hakuyainua kunitazama. Mimi ni mshonaji wa kofia za mkono hapa Langoni, Lamu. Kofia moja hula miezi, na kila kishimo huzungushiwa uzi kwa subira. Vidole vyangu vilikuwa vinakufa ganzi mpaka sindano inaniponyoka, kifua kinabana, mwili unawaka moto kuanzia mgongoni hadi utosini. Uambiwe huumwi na huku riziki yako inakatika!

Vipimo nilifanya, Lamu, Malindi hadi Mombasa: damu, eksirei, altrasaundi, na kile cha moyo cha kubandikwa nyaya kifuani. Vyote safi. Nikirudi kwenye zahanati naambiwa taifodi, napewa dawa, ganzi iko palepale. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kile kipimo cha damu cha taifodi, Widal, kinaweza kukuonyesha una taifodi kwa sababu tu uliwahi kuugua zamani. Watu wangapi wanameza dawa za taifodi wasiyokuwa nayo? Nilipigwa hijama, nikanywa kombe, yale maji ya aya za Kurani. Kombe silisemi vibaya, lilinituliza roho, ila vidole havikusikia dawa.

Aliyenifungulia njia ni mganga kijana wa hospitali. Alizipitia karatasi zangu zote kisha akasema, "Mama, naamini unaumwa. Vipimo havikuona kidonda, havikusema unaigiza." Akaniandikia niende kwa mwanasaikolojia Mombasa. Nyumbani ikawa vita: huko wanakwenda wendawazimu, watu watasema nini? Nilivuka hadi Mokowe, nikapanda basi.

Yule mama wa Mombasa hakuniuliza kwanza habari za utotoni wala nani kanikera. Alitaka kujua ganzi inaanza saa ngapi, nikiwa nafanya nini, na ikishaanza mimi nafanya nini. Nikamwambia: naiweka kofia chini, naguswa na hofu kwamba ni moyo, nashika mshipa wa shingo kuhesabu mapigo.

Akahakikisha kwanza kwamba moyo wangu ulipimwa na mapafu hayana pumu. Kisha akasema tupumue pamoja, harakaharaka na kwa nguvu, mpaka atakaposema basi. Nikapumua. Haukupita muda midomo ikaanza kuchonyota. Kichwa kikawa chepesi, kifua kikabana, na vidole, vilevile vyangu vya Langoni, vikafa ganzi mbele ya macho yangu, juu ya kiti cha ofisi, hapana jini wala hasidi. Nikapiga kelele, "Ndiyo yenyewe, daktari! Ndiyo hii!" Alinishika mkono, akanipumuisha polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, na ganzi ikaondoka kidole kimoja baada ya kingine. Akanieleza: ukipumua kupita mahitaji ya mwili, kaboni dioksidi hupungua katika damu, na mishipa ya fahamu huanza kuchachamaa. Ganzi ni ya kweli, imo mwilini, na ina njia yake ya kuja. Nililia kwa furaha. Msijaribu hili peke yenu nyumbani.

Tulipochunguza zaidi tukaona kwamba nikishona vishimo vidogo huzuia pumzi bila kujua, kisha navuta hewa nyingi kwa pupa. Mamangu tulikuwa tumemzika si muda mrefu, nikadhani mwanasaikolojia ataniambia ni huzuni. Hakunilazimisha hilo. Alisema msiba unaweza kuwa umeongeza mzigo, ila tushughulike na kinachouendeleza ugonjwa sasa.

Lililonipa kazi kubwa ni kule kushika shingo. Nilikuwa nikishika hata katikati ya maongezi. Kuacha kwa mkupuo nilishindwa, basi tukafunga mkataba: nitajipima baada ya swala tu. Hamu ikija baada ya adhuhuri, naiambia ingoje alasiri. Mara nyingi alasiri ikifika nimeshasahau. Kisha tukawa tunaondoa swala moja moja, hadi ikabaki isha, na isha nayo ikaondoka. Najivunia sana hili.

Kushona pia nikabadili. Zamani siku nikiwa mzima nilishona tangu alfajiri hadi usiku, kisha nalala nimevunjika siku zinazofuata. Sasa nashona safu chache, nanyanyuka hata kama mwili unataka kuendelea, narudi baadaye. Na dadangu nilimwomba asiniamkie na "bado kunauma?" Huniuliza kofia imefika wapi.

Sikuahidiwa muujiza. Yule mama aliniambia wazi kwamba mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 21 yenye watu 2,658, na nafuu iliyoonekana kwa tiba za namna hii kwa maumivu yasiyoonekana kwenye vipimo ilikuwa ndogo. Kwangu mimi imetosha kunirudisha kazini, ingawa mgongo bado huwaka siku nyingine.

Gharama kubwa ilikuwa safari. Ombeni vikao vya simu mapema. Mimi vingi nilivifanya baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima imelala, nimepanda juu ya dari kutafuta mtandao. Pesa za kikao ulizeni kabla, maana zinatofautiana, na ulizeni kama huyo mwanasaikolojia amewahi kuhudumia watu wenye maumivu ya mwili yasiyoonekana kwenye vipimo. Na likizuka jambo jipya, upande mmoja kulegea, kukonda bila sababu, kifua kuuma ukitembea, nendeni hospitali kwanza, msidhani ni lilelile la zamani.