"Haya, basi"

Leo siku ya sita na bado naisikia. Jumamosi glaida yangu, ndege ndogo isiyo na injini ninayoirusha kwa rimoti, ilitua vibaya: nilivuta breki, ikainamia kushoto, ncha ya bawa ikakwama kwenye majani na ndege nzima ikazunguka. Hakuna kilichovunjika. Mzee wetu, mnamfahamu, aliyenifundisha kurusha, aliiokota kabla sijafika. Akaigeuza juu chini, akaibonyeza kwa kidole flapu moja, kibao cha nyuma ya bawa karibu na kiwiliwili.

"Rimoti nani alikupangia?"

"Mimi mwenyewe, mzee."

"Mwenyewe."

"Ndiyo."

"Haya, basi."

Akanikabidhi ndege, akaenda zake.

Dada amejifungua salama, wa kike, na kazini tumeletewa bosi mpya, lakini mimi nalala na kuamka na hiyo "basi". Ilikuwa ya kuridhika? Ya kukata tamaa? Angesema "haya" akaishia hapo, ningelala. Na lile "mwenyewe" alilolirudia polepole! Majuma mawili nimekesha na rimoti ile. Nimepanga modi 3: ya kupandia, ya kuelea na ya mbio. Eiloroni, vibao vya karibu na ncha za bawa, nimezipa kupanda zaidi ya zinavyoshuka, kwa sababu inayoshuka ndiyo hukokota bawa na kuvuta pua upande usiotakiwa. Breki ikivutwa, flapu zinashuka, eiloroni zinapanda, na eleveta, kibao cha mkiani, inashuka kidogo kuizuia pua isiinuke. Hata mchoro wa eleveta niliutuliza vizuri, mwinuko mkali mwanzoni kisha unalala. Kazi yote hiyo, halafu "haya, basi".

Jana usiku nikaifungua tena, kwa hasira kusema kweli. Nikafuta trimu, yaani marekebisho madogo ya rimoti, za sevo zote (mota ndogo zinazosukuma vibao) hadi sifuri, kila sevo ikakaa kwenye mikrosekunde 1500, ishara ya katikati. Mkono wa sevo ya flapu ya kulia ulisimama pale pale nilipoukusudia. Wa kushoto ulikuwa umelala nyuma.

Jino moja. Shina la sevo zangu, mkono unapochomekwa, lina meno 25, kwa hiyo jino moja ni digrii 14 na kitu. Nilikuwa nimelifunika kosa kwa trimu, flapu zikalingana zikiwa zimefungwa, nami nikaamini zimelingana kote. Kumbe ya kushoto ilikuwa inafika mwisho wa safari yake mapema, na kwenye breki nzima ilibaki juu kuliko mwenzake. Bawa la kushoto lingeachaje kuanguka?

Na ile flapu aliyoibonyeza mzee ilikuwa ya kushoto.

Nimekaa na bisibisi mkononi muda mrefu nikiliwaza hilo. Aliona. Aliona palepale, akanyamaza, akaniachia kazi yangu niimalize. Nikafungua skrubu, nikauchomoa mkono, nikausogeza jino moja, nikakaza. Nikakivuta kijiti taratibu: flapu zote mbili zikateremka pamoja hadi chini, sauti moja. Nikarudia. Nikarudia tena, mara 20 hivi, nyumba nzima imelala, furaha imenijaa kifua. Jumamosi nitampa aishike mwenyewe, sitamwambia kitu.

Mama alipiga simu asubuhi kuulizia mtoto wa dada. Aliuliza jina lake, nikamtajia. Kabla hatujaagana alikuwa ameuliza mara 3, na mara ya mwisho aliniita kwa jina la marehemu baba mdogo. Sijamwambia dada.