Dagaa wangu walivyohama mchangani

Kwenye semina ya ujasiriamali hapa Ukerewe, mwezeshaji mmoja kijana, viatu vinang'aa, alituambia biashara ya dagaa haikui bila teknolojia. Sisi tuliozoea kuanika mchangani, akatuchorea ubaoni nyumba ya nailoni ya kukaushia dagaa: jua linaingia, mvua inabaki nje. Nikaamini. Nikakopa kikoba, laki tatu na kitu, nikajenga.

Nikaziba kila upenyo, joto lisitoroke. Saa saba mchana nafungua, mvuke ukanipiga usoni, maji yanadondoka kutoka juu kama kuna masika ya humo ndani peke yake. Dagaa hawakukauka, walichemka. Matumbo yamepasuka, mafuta yamewatoka. Mama mkwe alichungulia, akasema, "Mwanangu, hawa ungewatia na nyanya kabisa." Ndoo zote zikaenda kwa mfuga kuku, kwa bei ya kunionea huruma.

Maji yanayotoka kwenye dagaa lazima yapate njia ya kuondoka. Hilo mwezeshaji hakuligusa. Alishachukua posho na kupanda kivuko.

Nikarudi kwenye vichanja, ambavyo maafisa uvuvi walikuwa wakivihubiri siku zote nasi tukiwacheka. Fito, nyavu chakavu, usawa wa kiuno, basi. Upepo unapita chini na juu. Jua likiwa zuri, unaanika asubuhi, jioni unazoa. Ila usirundike. Na ile nailoni ya aibu niliikata, nikaitandaza juu ya fito zilizopindwa kama upinde, ncha zote mbili wazi. Masika dagaa wa wenzangu wanaozea mchangani, mimi naendelea.

Kumbe kazi ilikuwa sokoni. Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, wachuuzi waliniambia dagaa ni dagaa, hakuna cha bei ya juu. Nikaazima glasi mbili kwa mama ntilie, nikatia maji. Moja nikaweka konzi ya dagaa wangu, nyingine konzi ya jirani yangu wa meza (alinuna, hadi leo hanisalimii). Nikakoroga, nikatulia, nikaanza kuongelea habari nyingine kabisa. Walipotazama tena, glasi ya jirani ina mchanga chini unene wa kidole. Yangu, magamba mawili matatu. Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo miaka yote tunanunua mchanga kwa kilo?" Sikujibu. Nilipima.

Sasa wanaofungasha pakiti Dar wananitumia pesa kwa simu kabla gunia halijapanda basi. Vichanja vilikuwa vinne, sasa kumi na moja, na nina wasichana watatu wanaonisaidia kazi. Siku za mbalamwezi, taa hazivuti dagaa na mitumbwi imelala, tunashona nyavu zilizotoboka.

Juzi mwezeshaji alirudi, akaomba kupiga picha vichanja vyangu kwa ajili ya semina nyingine. Nilimruhusu, kisha nikamuuzia sado mbili kwa bei ya Dar.