Kanuni Ikikaribia Miaka 10, Andaa Barua

Wenye vibanda, saluni na hoteli ndogo hapa Nairobi hulalamika sana kuhusu leseni, na wana haki. Ila wachache wanajua kwamba kanuni nyingi zinazowabana zina tarehe ya kufa. Sheria Nambari 23 ya 2013, inayosimamia kanuni zinazotungwa na mawaziri na mashirika ya serikali, inasema katika kifungu cha 21 kwamba kanuni hufutika yenyewe miaka 10 baada ya kutungwa. Muda huongezwa mara moja tu, usizidi miezi 12. Wizara ikiitaka tena, itunge upya, na kutunga upya kunadai maoni ya wananchi. Hapo ndipo pa kuingilia.

Tafuta namba ya Tangazo la Kisheria (Legal Notice) na mwaka wake kwenye ukurasa wa kwanza wa kanuni, kisha ujumlishe 10. Matangazo haya hutoka kama nyongeza za Gazeti Rasmi, na unayasoma bure kwenye tovuti ya sheria ya Kenya Law. Hakikisha kwanza kwamba kinachokuumiza kimo kwenye kanuni. Kama kimeandikwa kwenye sheria mama iliyopitishwa na Bunge, miaka 10 haikigusi. Ada ya kibali cha biashara nayo hutoka kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, kwa hiyo hoja yake hupelekwa kwa bunge la kaunti.

Kanuni inayoweza kuleta gharama kubwa lazima iandaliwe taarifa ya athari zake, na tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi na gazeti la kawaida. Maoni hupewa siku zisizopungua 14. Ni chache mno kwa mtu anayefungua duka saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo maana barua yako ya maoni kwa wizara iwe tayari mapema.

Barua nyingi huanguka kwa sababu ni kilio kitupu: "ada ni nyingi, tuhurumieni." Karani hana pa kuiweka. Taja kanuni ya ngapi, gharama yake, na maneno unayotaka yaandikwe badala yake. Chukua hoteli yenye wapishi na wahudumu 4, kila mmoja akipimwa afya kila miezi 6. Hizo ni safari 8 kwa mwaka. Kila safari ikila nusu siku, jiko limepoteza siku 4 za kazi, kabla hujahesabu nauli na ada ya kipimo. Hesabu ya namna hiyo inajibika. Ikiwa na sahihi za wenzako 30 wa soko moja, ni vigumu kuipuuza.

Peleka nakala mbili wizarani, moja igongwe muhuri na tarehe, ubaki nayo. Kanuni ikishachapishwa, lazima ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao, la sivyo inakosa nguvu. Kamati inayochunguza kanuni inaweza kupendekeza ifutwe kwa kukosa mashauriano ya kutosha, na nakala yako yenye muhuri ndiyo utakayoipelekea.