Injini iliyobadilika kasi ndege ikigeuka: jinsi nilivyoituliza

Ndege yangu ndogo ya mfano, ya kuongozwa kwa nyaya ninazozishika huku ikinizunguka, yenye injini ya cc 5.7, iliruka vizuri ikiwa mgongo juu. Nikiigeuza mgongo chini, mlio unakuwa mkali na duara moja linakwisha chini ya sekunde 5. Kukiwa na upepo, kila kitanzi (kupanda, kupinduka na kushuka) kiliongeza kasi mpaka mkono unavutwa.

Nilianza na tangi. Mlio mkali ni dalili kwamba injini inapata mafuta machache. Ikitokea ndege ikiwa kichwa chini tu, tangi limekaa juu mno kuliko sindano ya kabureta, ile inayopima mafuta yanayoingia. Nililegeza skrubu, nikalishusha milimita 2, nikarusha, nikalishusha tena kidogo. Pima muda wa duara kwa saa, mgongo juu na mgongo chini. Sikio peke yake halitoshi.

Kasi ya kwenye vitanzi ilitokana na propela. Ya inchi 10 kwa pichi (umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja) ya inchi 6 niliitoa, nikafunga ya 10 kwa 5. Injini inazunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule, na ndege ikishuka, pichi ndogo inaizuia isikimbie.

Mwisho nikafungua sindano kidogo ili mafuta yaongezeke, hadi injini ikawa inawaka mzunguko mmoja na kukosa unaofuata, ndege ikiwa mlalo. Pua ikiinuka, inawaka kila mzunguko. Ikilala, inarudi kunguruma. Kwangu hakuna sauti tamu kuliko hiyo! Kwa nyaya za mita 18, sasa duara ni sekunde 5.3, mgongo juu na mgongo chini. Mafuta na plagi sikuvigusa.